Mtoto wa Jicho la Kushoto

Siku niliporudi nyumbani na kamera yangu ya kwanza, mama hakuniuliza nimeipata wapi wala itanifikisha wapi. Aliishika, akaigeuzageuza kama anavyokagua kuku sokoni, kisha akaniambia neno moja tu: "Hakikisha mtoto anaonekana."

Nilijua anasema nini. Kwetu Makutupora, kwenye kabati la vyombo, chini ya vikombe visivyoguswa mpaka aje mgeni wa kanisani, kuna picha ya familia. Ni moja, hatuna nyingine ya siku zile. Baba amesimama na shati lililofungwa mpaka kifungo cha shingoni. Mama ameketi, tumbo limejaa, na ndani ya tumbo hilo nimo mimi. Kaka yangu yuko kwenye kigoda, uso kaukunja kwa jua. Upande wa kulia, mahali pa dada yangu aliyekuwa na miaka minne, pana ukungu. Ni ukungu mweupe unaofika karibu na kiuno cha baba, na ubavuni una kitu kama mkono.

Mpiga picha alikuwa wa kuzunguka vijijini kwa baiskeli. Filamu alikwenda kuisafisha mjini, picha akazileta baada ya mwezi mzima. Katikati ya mwezi huo dada yangu alishikwa na homa, siku ya tatu akafariki. Kwa hiyo bahasha ilipofika, mama aliifungua akimtafuta yeye, hakuwa na haja ya kumwona mwingine. Nimeambiwa hakulia. Aliuliza tu, "Mwanangu yuko wapi humu?"

"Ndiye huyo, mama," mpiga picha akamjibu. "Alicheza."

Hilo ni neno letu la kazi. Kwetu sisi wapiga picha, mtu akitikisika tunasema amecheza, na picha yenye ukungu tunasema imecheza. Yule mzee hakuwa na ubaya wowote. Lakini mama alilipokea neno kama lilivyo, mtoto alikuwa anacheza, na amekaa nalo miaka yote hii.

Ndiyo maana nimekua na hasira na watu wasiotulia. Wateja wangu wa Majengo, mjini Dodoma, wananijua. Studio yangu ni chumba kimoja, kushoto muuza mtama, kulia fundi cherehani, na kelele ya "usicheze!" inayosikika hapo mtaani ni yangu. "Dada, nimekuja kupiga picha au kung'olewa jino?" aliwahi kuniuliza mama mmoja muuza karanga. Nikamwambia akicheza atakuja kulia, naye akacheka. Sikuwa natania.

Nina lenzi nne na kila moja nimeisoma tabia yake. Lenzi pana ni ya mahafali ya chuo kikuu kule Chimwaga, inaingiza ukoo mzima mpaka shangazi aliyechelewa basi, ila ina adhabu yake: wanaosimama pembeni inawavuta mashavu na kuwanenepesha. Basi wembamba nawaweka pembeni, wanene katikati, na siwaambii sababu. Ndefu ni ya mbali. Wanafunzi wanaiita bomba. Naweza kusimama ng'ambo ya uwanja nikachukua chozi la mzazi huku mwenyewe hajui kama kuna mtu anamtazama. Hamsini, yaani ya milimita hamsini, ni ya uso. Haivuti, haisukumi, inakuona karibu sawa na unavyoonekana kwa macho, na ndiyo maana watu wengi hawapendi picha zake. Ya nne ni ya vitu vidogo. Hiyo nimeinunua kwa ajili ya wataalamu wa zabibu wanaonituma kupiga madoa ya majani, doa lisilozidi kichwa cha kiberiti nalijaza kwenye picha nzima.

Ipo na ya tano ambayo haifanyi kazi. Nilipewa na mzee mmoja aliyekuwa anafunga duka lake la picha hapo Majengo. Ni hamsini ya zamani, ya chuma, na ndani ya vioo vyake kumeota kuvu, nyuzi nyeupe zilizotambaa kutoka ukingoni. Ukiiangalia dhidi ya mwanga utadhani mtu amehemea ndani yake na pumzi haijatoka. Sikumuuliza yule mzee kama ujana wake aliwahi kuzunguka vijijini kwa baiskeli. Nilikuwa na nafasi ya kumuuliza. Sasa hayupo wa kuulizwa.

Macho ya mama yalianza kuharibika taratibu, na kwa kuwa ni mtu wa kujificha, nilichelewa kujua. Nilidhani ni uzee. Siku moja nilimwona anamimina chai pembeni ya kikombe, anaendelea kumimina, na uso wake umetulia kabisa. Nikamkalisha karibu na dirisha, nikafunga ile lenzi ya vitu vidogo, nikapiga jicho lake la kulia. Nilipolikuza kwenye kioo cha kamera nilikifuta kioo nikatazama tena. Pale katikati, panapotakiwa kuwa peusi, palikuwa peupe kama uji mwepesi.

Wiki ileile nilimpeleka hospitali ya macho mjini. Kwenye benchi akina bibi wenzake walikuwa wanaamkiana "mbukwenyi" na kupigana vijembe, na mama alichangamka. Daktari alikuwa binti mwenye adabu, Kiswahili chake cha pwani. Alimwamkia shikamoo, akamwangalia macho kwa taa, akasema kwa upole: "Bibi, una mtoto wa jicho. Yupo kwenye macho yote mawili. Huyu wa kulia ameshakomaa kabisa, anatakiwa kutolewa."

Kiswahili kwa mama ni cha sokoni na kanisani, nyumbani kwetu ni Kigogo. Nilimwona anaupindua ule msemo kichwani.

"Amekomaa?" akauliza.

"Amekomaa, bibi. Tukikufungua tunamtoa, tunakuwekea lenzi ndogo ya plastiki, unaona vizuri tu."

Alimshukuru daktari, akanyanyuka, akanishika mkono. Tukaingia ndani ya bajaji. Hapo akageuza uso kwangu na nikaona anatabasamu, tabasamu ambalo sikuwa nimeliona tangu baba afariki.

"Umemsikia? Kumbe humo ndimo alimokuwa. Na amekua humo humo."

"Mama, ni jina la ugonjwa tu."

"Hata mimi nilikuwa najiuliza ni nani anasimama mlangoni."

Dereva aliniangalia kwa kioo chake. Nikatamani kushuka.

Kuanzia siku hiyo nyumba yetu ilibadilika. Mama akawa anaacha mlango wa mbele wazi hata upepo wa vumbi ukivuma. Akisonga ugali anakata kipande kidogo, anakiweka kwenye kisahani pamoja na mlenda, anakisogeza upande wa mlango. Baada ya chakula anakiondoa, anampa kuku, haombolezi wala haelezi. Mara anaangua kicheko peke yake. Mara anasema kwa Kigogo, kwa sauti ambayo sikuwahi kusikia akiniambia mimi, "Njoo ndani, jua kali." Nakiri nilikuwa na hofu, na chini ya hofu nilikuwa na wivu. Mimi ndiye niliyekuwa naacha studio kila Ijumaa kwenda kumwogesha na kumpikia, lakini anayeitwa kwa sauti hiyo ni mwingine.

Nilipompigia kaka, ambaye anaishi Mbeya, alisema nimwache, wazee wana mambo yao. Rahisi kusema ukiwa Mbeya. Mama alishaunguza kanga yake mara mbili jikoni. Daktari alituambia wazi kuwa la kulia halioni tena isipokuwa mwanga, la kushoto linafuata. Nilichotaka ni kitu kimoja, akubali kufunguliwa jicho kabla hajaanguka motoni. Naye alikuwa na jibu moja: "Mtu anatoa mwanawe?"

Ndipo nikakumbuka ile lenzi ya kuvu. Nilitaka niione nyumba kama anavyoiona yeye, labda nitapata maneno. Ijumaa moja alasiri nikaifunga kwenye kamera, nikakaa kwenye kigoda chake, nikapiga sebule. Ukuta, kabati, mitungi ya maji, mlango ulio wazi, vyote vilitoka vimefifia kama nilivyotarajia. Pale mlangoni palikuwa na weupe uliozidi, mrefu na mwembamba, unaofika kwenye komeo.

Sikushtuka. Kazi ni yangu. Lenzi ikiwa na doa, doa linakaa mahali palepale kwenye picha; ukigeuza kamera, nalo linahama na wewe. Nikageuza kamera kulia ili mlango uangukie ukingoni mwa picha. Weupe haukubaki katikati. Ulikuwa ukingoni, mlangoni. Nikasimama juu ya kigoda, nikapiga kutokea juu. Mlangoni. Nikasogea mpaka pembeni ya kabati ambako jua haliwezi kuingia kwenye kioo. Ulikuwa palepale, na sasa ubavuni ulikuwa na kitu kama mkono.

"Umempata?" mama akauliza nyuma yangu.

Nilifuta picha zote nne, nikaing'oa lenzi nikaitia kwenye soksi. Najua sababu kumi zinazoweza kufanya mwanga uchezee kioo kibovu. Nimezirudia zote kichwani, na bado mlango ule huwa naupita kwa haraka.

Msimu wa kuvuna zabibu ulipofika nilipata kazi ya kuwapiga picha vibarua shambani, jirani tu na kwetu. Mwenye shamba hakutaka watu waliojipanga na kutabasamu. Nikafunga bomba nikakaa mbali, kwenye ukingo wa shamba, saa saba mchana, jua la kutoboa utosi. Nilikuwa nafuata mama mmoja mwenye ndoo kichwani, na nyuma yake, kwenye uwanda mtupu unaokwenda barabarani, nikaona kanga ninayoijua. Nikavuta.

Mama yangu alikuwa anatembea. Miezi mingi alikuwa hatoki uani bila kushikwa, na sasa alikuwa anatembea bila kusita, anaruka mashimo ambayo kwa macho yale angeanguka ndani yake. Mkono wa kulia umeshika kanga. Wa kushoto alikuwa ameunyoosha ubavuni, vidole vimekunjwa, kiasi cha kimo cha mtoto wa miaka kumi. Kila baada ya hatua chache mkono ule ulikuwa unavutika mbele, kisha ndipo mguu unafuata.

Bomba lina ubaya mmoja: linamleta mtu karibu machoni, na mwenyewe yuko mbali vilevile. Nilimwona hadi jasho la mdomoni, na nilipopiga kelele hakuna aliyesikia. Nikaitupa kamera kwenye majani nikakimbia. Nilimfikia akiwa hatua chache kutoka lami, na lori la mchanga likapita mbele yetu kwa honi ndefu. Vumbi likatufunika wote. Nilimkumbatia kiunoni mpaka likatulia.

"Unakwenda wapi, mama?"

"Ameniambia ng'ambo kuna kivuli."

Nililia pale barabarani, bila aibu, vibarua wanatutazama. Kisha nikafanya jambo ambalo sijawahi kulikiri kwa kaka wala kwa mtu yeyote. Nilimdanganya.

"Mama, nisikilize. Mimi kazi yangu ni lenzi. Ukungu ukiingia kwenye lenzi, aliye mbele yako unamwona nusu. Sasa hivi unamwona nusu tu. Hujui pua yake, hujui kope zake. Wakikusafisha jicho, utamwona sawasawa."

Alijipangusa vumbi usoni.

"Hawamtoi?"

"Wanatoa ukungu tu."

"Utaapa?"

Niliapa kwa jina la baba.

Alifunguliwa jicho la kulia, kazi ya muda mfupi kuliko nilivyodhani. Kesho yake bandeji ikatolewa, akapepesa, machozi yakamtoka, akaniangalia. Akaniangalia tena.

"Una mvi," akasema. "Na umenenepa. Kwenye simu ulikuwa unasema huli."

Wauguzi walicheka, nami nikacheka kwa furaha ya kweli, kwa sababu nilikuwa nimepata nilichokitaka. Njiani alisoma vibao vyote kwa sauti, vya maduka, vya mashule, vya makanisa. Dereva akasema bibi huyu sasa atatupita wote. Nikajiona mtoto mwema.

Tulipofika nyumbani hakukaa. Alikwenda moja kwa moja mlangoni, akasimama, akautazama. Akaingia chumba cha kwanza, akatoka. Chumba cha pili. Akaangalia nyuma ya mlango, nyuma ya mitungi, akafungua kabati la vyombo. Akatoka uani akazunguka banda la kuku. Aliporudi alikaa kwenye kigoda chake, mikono mapajani, akaniuliza swali ambalo nilikuwa nimesimuliwa tu.

"Mwanangu yuko wapi humu?"

Mpiga picha wa baiskeli angalau alikuwa na jibu. Niliona haya ambayo siwezi kuieleza, nikashika ufagio nikaanza kufagia mahali palipo safi.

"Niletee ile picha," akasema.

Nikaitoa chini ya vikombe. Aliishika karibu na uso, akapitisha kidole. "Kifungo cha baba yako. Nilikishona mimi, uzi haukufanana. Kaka yako na kidonda chake. Mimi huyu, na wewe humu." Kidole kikafika kulia, kikasimama.

Hakunigombeza. Laiti angenigombeza. Alisema polepole, kwa Kigogo, na nitayaandika kwa Kiswahili kadiri nitakavyoweza: "Nilipokuwa sioni, wote mlikuwa sawa. Baba yako ukungu, kaka yako ukungu, mimi mwenyewe ukungu. Alikuwa na wenzake. Sasa mmemwacha peke yake."

Tarehe ya jicho la kushoto ilipofika nilikuja na bajaji mlangoni. Nilimkuta amevaa, amechana nywele, lakini amekaa. Akaniambia nimlipe dereva aende zake. "La kulia ni lenu," akasema. "Hili ni lake." Nilibembeleza, nikagomba, nikamtaja daktari, nikamtaja Mungu. Ng'o. Na sikuwa na kiapo kingine cha kumpa.

Hivyo ndivyo tunavyoishi. Kwa jicho la kulia mama anachambua mchele, anapika bila kuungua, anasoma Biblia na kunikosoa nguo zangu. Jua likianza kushuka kidogo anakaa kwenye kigoda akiutazama mlango, anafunika jicho la kulia kwa kiganja, na uso wake unalegea. Kisahani kimerudi. Simuulizi anaona nini, naye hanieleweshi.

Mwezi uliopita nilimwambia nataka picha yake, ya uso, ya kuweka studio. Alikubali upesi kuliko nilivyozoea. Nikamkalisha kwenye kigoda, mlango nyuma yake, nikafunga hamsini safi, nikapiga goti. Mwanga ulikuwa mzuri. Nikalenga mboni ya jicho la kulia, kama ninavyofanya kwa kila mtu, mpaka nikaziona kope moja moja.

"Usicheze, mama."

Hakucheza. Ila mkono wake wa kulia ulipanda taratibu, kiganja kikaziba lile jicho nililokuwa nimelilenga. La kushoto, jeupe, likabaki linatazama. Halikunitazama mimi. Lilitazama juu kidogo ya bega langu, upande niliokuwa nimeupa mgongo, ambako hakuna mlango wala dirisha.

"Sogea kidogo," akasema. "Unamziba."

Mimi ndiye ninayewaambia watu wasimame wapi, Dodoma nzima inajua. Nikasogea. Nyuma ya shingo yangu palipata baridi, kama mtu anapopita karibu yako, kisha ikapungua ikielekea kwa mama, naye akashusha mkono wa kushoto ubavuni akakunja vidole. Kando ya mkono ule niliona ukuta tu. Kidole changu kilikuwa kwenye pete ya kulengea ya lenzi. Nikaizungusha polepole kutoka kwenye uso wa mama, nikaleta hapo kando, mbele yake kidogo, ambapo hapakuwa na mtu, na mama akafifia mpaka akawa ukungu. Nikabonyeza.